Kilo Zilizopungua Zilikuwa za Nini?



Mtu mnene anayejitahidi kupunguza mwili hupanda mizani kwa hofu. Akikuta kilo 3 zimetoka wiki ya kwanza, hushangilia. Wiki ya nne mshale ukikataa kusonga, hukata tamaa na kurudia mlo wa zamani. Huenda mara zote mbili amekosea. Mizani hujumlisha mafuta, misuli, mifupa, maji, hata chakula kilicho tumboni, wala haisemi kipi kimepungua.

Kilo za mwanzo aghalabu ni maji. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takribani gramu 3 za maji. Chakula kikipunguzwa, akiba hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Mafuta yenyewe huwa yameguswa kidogo tu.

Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, alichapisha vipimo vya wachezaji wa kandanda ya Kimarekani waliopimwa uzani wakiwa ndani ya maji. Wengi wao walizidi uzani uliokubaliwa jeshini, ilhali mafuta yao yalikuwa machache. Uzani ulikuwa wa misuli. Nyama huzama, mafuta huelea. Asiyeamini na atazame sufuria ya mchuzi.

Leo zipo mashine za eksirei za kutenganisha mafuta na misuli, na mizani za umeme zinazokadiria. Hizi za umeme huyumba kulingana na maji yaliyomo mwilini, na kwa watu wanene sana hukosea zaidi.

Utepe wa fundi cherehani ni rahisi zaidi. Hupitishwa katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ameshusha pumzi. Hatari huanza kuongezeka kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke asiye mjamzito, na 94 kwa mwanamume. Kiuno kikipungua huku mizani imesimama, mafuta yanatoka.

Wa kuhofiwa ni yule ambaye kilo zinashuka mbio lakini sasa hawezi kuinuka kitini bila kujishika, hasa mzee anayeshinda kwa chai ya rangi. Huyo anapoteza misuli. Anahitaji maharagwe, ndengu, mayai au omena, pamoja na kazi ya kutumia nguvu. Anayemeza dawa za kisukari au presha amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa kuwa huenda dozi nayo ikahitaji kupunguzwa.