Sodiamu Ikishuka kwa Mgonjwa wa Ini, Tuhesabu Maji Kwanza



Majibu ya maabara yakirudi wodini yakionyesha sodiamu 124, ndugu wa mgonjwa huambiwa "chumvi imeshuka." Basi shangazi mtu huenda jikoni, na kesho yake hotpoti ya mchuzi wa samaki inakuja imekolezwa chumvi hasa. Simlaumu. Tumempa neno, naye amelifanyia kazi. Sisi wauguzi na matabibu wenyewe, tukiwa na haraka, hutundika dripu. Tunasoma kipimo hicho kana kwamba kinatueleza chumvi iliyomo mwilini, ilhali kwa mwenye ini lililosinyaa, mara nyingi kinatueleza habari za maji.

Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Kwa wagonjwa hawa tumezoea kushtuka kikishuka chini ya 130, na hali hiyo huwapata zaidi wale ambao tumbo limekwisha kujaa maji. Mgonjwa wa namna hiyo, tumbo ngoma na miguu imevimba, ana chumvi nyingi mwilini kuliko mimi na wewe, ila maji yameizidi. Mchuzi ukitiwa maji hugeuka chapwa, na chumvi yote bado imo sufuriani.

Kwa nini maji hayatoki? Ini likishakuwa na makovu, iwe kwa homa ya ini aina ya B au kwa pombe ya miaka mingi, damu itokayo utumbo hukosa njia nyepesi na shinikizo hupanda nyuma yake. Mishipa ya utumbo hutanuka, damu hujikusanya huko, na vihisi vya shinikizo vilivyo shingoni na kifuani hupeleka habari kwamba mwili umekaukiwa. Ubongo unaamini. Unatoa homoni ya vasopresini, figo zinarudisha maji, mkojo unakuwa kidogo na mzito. Robert Schrier na wenzake waliipanga hoja hii ya kutanuka kwa mishipa mwaka 1988, na bado ndiyo tunayoitumia.

Si wote walio hivyo. Yupo aliyepewa furosemaidi na spironolaktoni kwa dozi kubwa, au aliyeharishwa na laktulosi kupita kiasi. Ulimi mkavu, presha chini, kreatinini imepanda. Huyu amekaukiwa kweli: dawa za kukojosha zisimamishwe, arudishiwe maji yenye chumvi au albumini. Kwa hiyo kabla ya kuitazama karatasi, mbonyeze kifundo cha mguu, na apimwe uzito kila asubuhi kwa mizani ileile.

Kwa aliyejaa maji, lita moja ya dripu ya kawaida ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, na sehemu kubwa itaishia tumboni. Dripu ya sukari ya asilimia 5 ni mbaya zaidi, maana mwili ukishaitumia sukari, hubaki maji matupu. Sodiamu ikiwa chini ya 125, dawa za kukojosha husimamishwa na vinywaji vyote hupunguzwa hadi lita 1 au 1.5 kwa siku. Hapa ndipo pagumu, hasa Dar es Salaam mwezi Februari. Uji, chai, supu, dafu, vyote ni maji. Mimi natumia chupa: asubuhi inajazwa lita moja, na kila anywapo kikombe cha chai, kikombe kimoja cha maji humwagwa kutoka chupani. Vidonge amezee uji.

Chumvi ya chakula ibaki kama gramu 5 kwa siku. Waulizeni pia kuhusu magadi! Mtu atakuapia kwamba hali chumvi, kumbe maharage yake yamelainishwa kwa magadi, nayo ni sodiamu tupu. Ng'onda na papa mkavu sina haja ya kuvitaja.

Haraka ndiyo inayonitisha kuliko yote. Mwaka 1959, Adams, Victor na Mancall walieleza ugonjwa wa shina la ubongo kwa walevi na watu wenye utapiamlo. Baadaye ikajulikana kwamba kupandisha sodiamu kwa kasi huuleta. Ubongo uliozoea sodiamu ya chini kwa wiki kadhaa haustahimili kurudishwa kwa siku moja. Isipande zaidi ya milimoli 8 kwa saa 24. Dripu ya chumvi ya asilimia 3 tumwekee mwenye degedege au aliyezimia, tena mahali ambapo kipimo kinarudiwa kila baada ya saa chache. Vinginevyo mgonjwa huamka vizuri, na siku chache baadaye anashindwa kumeza na kusema.

Tangu Januari 2016, Marekani huihesabu sodiamu katika kupanga nani apandikizwe ini kwanza. Kwetu, namba hiyo ikishuka, itukumbushe kukaa na familia na kuwaambia kwamba ini limefika mbali.

Shangazi naye siku hizi namwambia: "Mama, damu yake imezimuliwa na maji." Huniuliza alete nini basi. Namjibu alete maharage yasiyo na magadi, na kikombe tunachokijua ujazo wake.