Karatasi ya Mlangoni: Uchaguzi na Upimaji wa Habari katika Shule za Kasongo na Kabambare

Nchini Congo, biro ya kupigia kura mara nyingi huwa ni darasa. Madawati husogezwa ukutani, mwalimu hugeuka mtumishi wa tume ya uchaguzi, CENI, kwa siku moja, na sanduku la kura huwekwa chini ya ubao wenye hesabu za wiki iliyopita. Kura zikishahesabiwa, sheria ya uchaguzi inataka karatasi ya matokeo ibandikwe hapo hapo, mbele ya biro. Kwa hiyo mtoto wa Kasongo au Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, anaporudi shuleni huweza kuikuta mlangoni kwake. Karatasi hiyo ndiyo kitabu cha somo la uchaguzi, nacho kimekwisha kuletwa bila malipo. Anayesubiriwa ni wa kukifundisha.

Ipo hoja inayopinga, tena hutolewa na watu wenye nia njema: kwamba kupima habari ni somo la miji yenye mtandao. Kinshasa sawa, Kindu labda. Kabambare ingoje kwanza umeme, kisha kompyuta. Hoja hii ijibiwe kwa kirefu, kwa maana nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Umeme ni haba, hakuna anayebisha. Lakini uvumi haukungoja umeme. Redio trotwari, kama Wacongo wanavyoiita, haina mlingoti wala betri: hukaa sokoni na msibani, hupanda baiskeli pamoja na madumu ya mawese, na jioni imekwisha kufika kijiji cha tatu ikiwa na idadi za kura ambazo hakuna aliyezihesabu.

Mwaka 2018 ulitoa ushahidi wa kutosha. Kura zilipigwa tarehe 30 Desemba. Kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima, na matangazo ya redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, yakazimwa muda mfupi baadaye. Matokeo ya awali ya urais yalitangazwa usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019, intaneti ikiwa bado imefungwa. Kwa siku hizo Kinshasa na Kabambare zilikuwa sawasawa. Aliyefundishwa kutafuta ukweli kwenye simu peke yake alibaki na kioo cheusi. Aliyenakili karatasi ya mlangoni kwenye daftari alikuwa na kitu mkononi. Maaskofu Wakatoliki wa baraza la CENCO walikuwa na waangalizi wapatao 40,000, na uzito wa neno lao kuhusu matokeo ulitokana na macho ya watu hao.

Wengine husema watoto hawawezi. Jibu zuri kuliko yote limetoka Uganda, na linastahili kukaliwa. Mwaka 2016 watafiti waligawa shule za msingi 120 katika makundi mawili kwa kura ya bahati, zikiwa na wanafunzi zaidi ya 10,000 wa darasa la tano. Kundi moja lilipewa kitabu cha katuni kuhusu madai ya matibabu: watoto wawili, John na Julie, pamoja na kasuku anayerudia kila asikialo, wanajifunza kuuliza dai limetoka wapi na limelinganishwa na nini. Vipindi vilikuwa tisa, vya dakika 80 kila kimoja. Kompyuta haikuhitajika. Mwishoni, asilimia 69 ya waliofundishwa walifaulu mtihani, dhidi ya 27 ya wasiofundishwa. Kweli, dawa si kura: hakuna anayegombana na shangazi kwa sababu ya paracétamol kama anavyogombana kwa ajili ya mgombea wa ukoo. Lakini swali ni lile lile: umejuaje?

Swali hilo humkata pia anayeuliza. Katika shule moja ya sekondari, mwandishi wa makala haya alishuhudia mwanafunzi akijumlisha kura za wagombea wote, akapata pungufu ya idadi ya waliopiga kura. Darasa zima likapaza sauti: wizi! Mwalimu hakubishana. Alimwonyesha mstari wa chini wa karatasi, wa kura zilizoharibika, akamwambia ajumlishe upya. Hesabu ikakaa.

Kisheria hakuna kikwazo. Ibara ya 45 ya Katiba ya 2006 inaipa dola wajibu wa kuifundisha Katiba yenyewe, na sheria ya elimu ya 2014 imeruhusu lugha za taifa darasani. Hata hivyo somo la uraia huendelea kwa Kifaransa. Sababu zake zinaeleweka: mtihani wa taifa ni wa Kifaransa, na prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, atapimwa kwa ufaulu. Zikishapimwa zote, hazitoshi. Kasongo na Kabambare uvumi huvuma kwa Kiswahili. Kuuchambua kwa Kifaransa ni kupima mawese kwa mita. Mwanafunzi hukariri istilahi za kura, akitoka nje anaamini alichosikia kisimani.

Umri wa kupiga kura ni miaka 18, na muhula wa rais ni miaka mitano. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 karatasi za Desemba 2023 zilipobandikwa atakuwa na haki ya kupiga kura Desemba 2028. Leo bado yuko darasani.