Mdaiwa Ana Haki, Mshukiwa Hana: Orodha za Polisi na Huduma za Mtandaoni katika Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Pumwani na Kaloleni hadi Dandora na Kayole, mazungumzo kuhusu teknolojia na polisi hurudia kauli tatu. Ya kwanza ni kwamba asiye na hatia hana sababu ya kuogopa kamera wala alama za vidole. Ya pili ni kwamba polisi wetu wangefanya kazi kama wenzao wa Uingereza, shida zetu zingekwisha. Ya tatu, ambayo husikika zaidi kwa vijana wanaotafuta riziki mtandaoni, ni kwamba mambo ya data ni ya mawakili na matajiri, na mtu wa mtaa hana la kufanya. Nakusudia kuzipima kauli hizi kwa pamoja kwa kuwa zote zinagusa jambo moja, nalo ni orodha. Hoja yangu ni kwamba tulirithi kwa Waingereza desturi ya kuwalinda na kuwatawala watu kwa kuwaorodhesha, lakini hatukupewa, wala hatujajijengea, haki ya aliyeorodheshwa kuiona orodha, kuipinga na kufutwa akithibitika hana kosa. Ajabu ni kwamba haki hiyo tunayo tayari katika mambo ya fedha. Mkazi wa Umoja aliyeshindwa kulipa mkopo wa simu ana kinga nyingi kuliko kijana wa Dandora aliyeshukiwa kuiba simu. Hali hiyo haifai, na inaweza kurekebishwa kwa sheria tulizo nazo.

Orodha ilivyoingia mitaani

Mwaka 1901 Scotland Yard ilifungua ofisi ya alama za vidole jijini London, ikitumia mpangilio ulioandaliwa Bengal, India, chini ya Edward Henry, kwa kazi kubwa ya maafisa Wahindi kama Azizul Haque. Mbinu hiyo haikukawia kufika kwetu. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na kufikia 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake, kikiwa ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Chombo kilikuwa kilekile, ila matumizi yalitofautiana. London, alama zilichukuliwa kwa mtu aliyeangukia mikononi mwa sheria. Kenya, zilichukuliwa kwa kila mwanamume Mwafrika kabla hajatenda lolote, ili akiacha kazi ya mlowezi aweze kusakwa na kurudishwa. Ndiyo kusema kwamba mkazi wa kwanza wa mitaa hii aliingia Nairobi akiwa ameshaandikwa, huku yeye mwenyewe hana uwezo wa kubadilisha hata herufi moja ya kilichoandikwa juu yake.

Tarehe 24 Aprili 1954 desturi hiyo ilifikia kilele. Katika msako uliopewa jina la Operation Anvil, askari wa Uingereza na polisi waliuzingira mji wa Nairobi, wakaipekua mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba, wakawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa ajili ya kuchujwa. Wapasha habari waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho walitikisa kichwa, na mtu akapelekwa kizuizini. Zaidi ya watu 20,000 walifungiwa bila kufikishwa mahakamani. Serikali ya wakati huo ilikuwa na sababu zake: kulikuwa na vita, kulikuwa na mauaji mjini, na madiwani Waafrika kama Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, ambao majina yao yamebaki kwenye mitaa yetu, walikuwa wameuawa. Hata hivyo tuyatazame mambo matatu yaliyoufanya mchujo ule kuwa dhuluma. Orodha ilikuwa ya siri, mshitaki alifichwa uso, na aliyetajwa hakupewa nafasi ya kujibu. Mambo hayo matatu ndiyo kipimo nitakachokitumia kwa teknolojia ya leo.

Orodha zilizohamia mtandaoni

Katika muongo uliopita, wakazi wa Dandora na Kayole walizoea kurasa za Facebook zilizotumia jina la Hessy. Picha ya kijana iliwekwa, akatajwa kuwa mwizi wa kutumia bunduki, akapewa onyo aache au ahame. Baadaye zilifuata picha za maiti. Wengi mtaani waliamini kwamba nyuma ya jina hilo walikuwako maafisa wa polisi, na wengi walizishangilia kurasa hizo bila kificho. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kiliandika habari za mauaji ya vijana mikononi mwa polisi katika ripoti yake ya mwaka 2017, iliyouliza katika kichwa chake nani atafuata. Tukirudi kwenye kipimo chetu, tunaona kwamba jambo moja tu lilibadilika: orodha haikuwa ya siri tena. Mshitaki alibaki amefichwa uso, safari hii kwa akaunti isiyo na mwenyewe anayejulikana, na aliyetajwa bado hakuwa na mahali pa kujibu. Kutangazwa kwa orodha hakukuifanya iwe ya haki. Kulizidisha tu idadi ya watu wanaoweza kumdhuru aliyetajwa.

Hapa pana pingamizi zito ambalo mtafiti hana ruhusa ya kulipuuza. Mama anayeshuka kwenye matatu alfajiri akienda kununua mboga soko la Wakulima, au fundi aliyeporwa vifaa vyake vyote, hazungumzii nadharia. Ujambazi umewaua majirani zake, na anawaona washukiwa wakirudi mtaani baada ya siku chache. Akisifu ukurasa wa kutisha wahalifu, anadai ulinzi ambao kodi yake imeulipia. Nakubali dai hilo lote. Ninachokataa ni kwamba orodha isiyopingwa inamletea ulinzi huo. Orodha ambayo haiwezi kusahihishwa hukusanya makosa: majina yanafanana, jirani mwenye kinyongo anapeleka uongo, ndugu wawili wanachanganywa, aliyeacha uhalifu anabaki ameandikwa. Kila kosa humwacha mhalifu halisi akitembea huru. Aidha, kijana anayejua kwamba hawezi kufutwa hana sababu ya kubadilika wala ya kutoa ushahidi kituoni. Mama yule anahitaji kesi inayosimama mahakamani, na kesi haisimami kwa picha iliyowekwa na mtu asiye na jina.

Tuige lipi la Waingereza?

Wanaowasifu polisi wa Uingereza husema kwamba wengi wao huzunguka bila bunduki na huzungumza na raia kwa adabu. Ni kweli kwamba wengi hawabebi bunduki. Lakini katika suala la orodha, Waingereza hawakuwa wema kwa maumbile yao. Walishtakiwa. Mwaka 2001, mjini Sheffield, mvulana wa miaka 11 alikamatwa kwa tuhuma ya kujaribu kupora, akaachiliwa na mahakama, lakini polisi wakakataa kuziteketeza alama zake za vidole na sampuli za mwili wake. Yeye na mtu mzima ambaye kesi yake ilikuwa imetupwa, Marper, walishindwa katika mahakama za kwao, wakaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg. Tarehe 4 Desemba 2008 majaji wote 17 waliamua kwamba kuweka bila kikomo kumbukumbu za watu wasiopatikana na hatia ni kuvunja haki ya faragha. Bunge la Uingereza lililazimika kubadilisha sheria mwaka 2012.

Mwaka huohuo wa 2012 polisi wa London walianzisha orodha nyingine, iliyoitwa Gangs Matrix, baada ya ghasia za 2011. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba asilimia 78 ya walioandikwa humo walikuwa watu weusi, na kwamba wengine waliingizwa kwa sababu ya marafiki zao au nyimbo walizoshiriki mtandaoni. Nakala ya orodha hiyo ilivuja katika manispaa ya Newham ikiwa na majina ya watu 203, na picha zake zikaonekana Snapchat mikononi mwa magenge hasimu. Kamishna wa Habari wa Uingereza aliitoza manispaa hiyo faini ya pauni 145,000 mwaka 2019. Walalamikaji waliendelea kubisha mahakamani, polisi wakakiri mwaka 2022 kwamba orodha iliendeshwa kinyume cha sheria, na mwaka 2024 ikafungwa. Mtu wa Dandora akiisoma habari ya Newham ataitambua mara moja. Tofauti ni kwamba kule alikuwako ofisa wa umma mwenye mamlaka ya kuuliza orodha imevujaje, na mahakama iliyoweza kuifunga. Hilo ndilo la kuiga. Kamera, hifadhidata na alama za vidole tulishazipata, na nyingine tunazo kwa zaidi ya miaka 100.

Mdaiwa na mshukiwa

Tusidhani kwamba haki hiyo ni ndoto isiyowezekana katika nchi yetu. Tazameni mikopo. Anayechelewesha deni anaweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za wakopaji, zile ambazo kila kijana anazijua kwa jina la CRB. Lakini kanuni zinataka aarifiwe kabla ya habari mbaya kupelekwa huko, zinampa ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka, na zinamruhusu kupinga kosa. Mwaka 2020 Benki Kuu ilizuia hata kuwaandika wenye madeni yasiyofika shilingi 1,000. Kampuni nazo zinabanwa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, mwenye programu za mikopo, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwasumbua bila ridhaa yao. Mlango upo, na wananchi wanaupita.

Sasa mlinganisheni mdaiwa huyo na kijana wa Makadara anayetaka kuendesha teksi ya programu au kwenda kufanya kazi Ghuba. Anatakiwa apate cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Anajaza maombi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akiwa saiba, yaani duka la intaneti, analipa shilingi 1,050, anapigwa alama za vidole Huduma Centre, kisha anangoja. Kama aliwahi kukamatwa katika msako wa usiku na kuachiliwa, hajui kilichoandikwa mpaka jibu litoke, wakati nafasi ya kazi inapita. Shida hiyo haiwahusu wa mtaani pekee. Mei 2025 mtaalamu wa programu, Rose Njeri, alikamatwa na kuzuiliwa kituo cha Pangani kwa kutengeneza tovuti iliyowasaidia wananchi kutuma maoni yao kuhusu Mswada wa Fedha. Mahakama iliyatupa mashtaka mwezi uliofuata. Kwa wote wanaoachiliwa hivyo, nchi inapaswa kujibu waziwazi: kumbukumbu za kukamatwa kwao zinaishia wapi, na wakabishe wapi kuhakikisha?

Mapingamizi mawili

Wapo watakaosema kwamba jambazi akiruhusiwa kusoma kumbukumbu za polisi atajua anafuatiliwa, mashahidi watatishwa na upelelezi utavurugika. Hoja hii ina uzito kwa kesi inayoendelea, na sheria yetu ya mwaka 2016 ya kupata habari inaruhusu habari za namna hiyo zizuiliwe. Lakini kuzuia kwa muda si kuficha milele. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018 ina suluhisho: polisi wakikataa kumwonyesha mtu kumbukumbu zake, anaweza kumwomba kamishna azikague kwa niaba yake. Mshukiwa haoni kitu, lakini yuko anayeona, asiye polisi.

Wengine watasema kwamba kijana anayelipwa kwa saa kuchuja picha za mtandao hawezi kupambana na dola. Ushahidi wa Nairobi unakanusha. Daniel Motaung na wenzake waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook kupitia kampuni ya Sama waliishtaki Meta, kampuni kubwa kuliko bajeti za nchi nyingi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Hata dola yenyewe imewahi kushindwa: Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba usambazaji wa kadi za utambulisho za Huduma Namba ulikiuka sheria kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikutathminiwa kwanza. Vijana wanaoweka alama kwenye picha ili mashine zijifunze wanajua vizuri kuliko mtu yeyote jinsi kosa la mwandikaji linavyogeuka kuwa ukweli wa kompyuta. Ujuzi huo unahitajika katika mjadala huu.

Hitimisho na mapendekezo

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihisha au kufuta habari isiyo ya kweli inayomwathiri, na hakikuwatenga polisi. Kwa msingi huo napendekeza mambo manne. Kwanza, eCitizen imwonyeshe mwombaji wa cheti kumbukumbu zilizopo juu yake na impe nafasi ya kuzipinga kabla ya uamuzi. Pili, orodha zote za magenge zikaguliwe na Kamishna wa Ulinzi wa Data, na msamaha uliomo katika sheria ya ulinzi wa data ya 2019 kwa sababu ya usalama wa taifa usitafsiriwe kuwa ruhusa ya kutokaguliwa. Tatu, picha ya mshukiwa itangazwe tu kwa jina la afisa anayewajibika na kituo chake. Nne, vituo vya haki vya Mathare, Dandora na Kayole vishirikiane na wenye saiba kumsaidia mkazi kuandika ombi la kumbukumbu zake. Kwa sheria ile ya 2016 ya kupata habari, ofisi ya umma ina siku 21 za kulijibu, na saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Pendekezo hili la nne halingoji Bunge wala bajeti. Linaweza kuanza wiki hii, na kila ombi litakalokataliwa litatupa ushahidi wa kwenda nao mahakamani.