MBOGA TANGU SHAMBANI HATA CHUNGUNI

Leo nataka kusema nanyi habari ya mali ambayo wengi wetu huibiwa kila siku bila kujua, tena mchana, mbele ya macho yetu.

Huenda umemwona mtoto achezaye vema mchana, lakini jua lichwapo huanza kupapasa ukuta na kujikwaa. Watu husema ni mzembe, au amerogwa. Mara nyingi sivyo: mwili wake umepungukiwa na vitamini A, na akiachwa hivyo aweza kuwa kipofu kabisa. Yapasa apelekwe hospitali upesi. Lakini kinga ya maradhi hayo imo katika mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga na matembele. Basi tuwatazame wezi watatu waipunguzao kinga hiyo.

Mwizi wa kwanza ni jua. Katika nchi ya Ugogo, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, yapata tangu Desemba hata Aprili, akina mama hukausha mboga kwa ajili ya kiangazi. Desturi hiyo ni ya busara, wala sitaki iachwe. Ila majani yakianikwa juani, rangi yake hufifia, na vitamini A nyingi hupotea. Afadhali yapitishwe kwanza katika mvuke wa maji yachemkayo kwa dakika chache, kisha yatandazwe juu ya mkeka safi, kivulini, penye upepo. Yakikauka, yatiwe katika chombo chenye kifuniko. Yakibaki na rangi ya kijani, ni dalili njema. Lakini mboga kavu huwa imepoteza karibu vitamini C yote. Kwa hiyo wakati wa kiangazi wape watoto ubuyu uliolowekwa katika maji safi, maana unayo tele.

Mwizi wa pili ni kukawia. Majani yanyaukapo, vitamini C hupungua. Yachume asubuhi, yaweke kivulini chini ya kitambaa kibichi, uyapike siku ile ile.

Mwizi wa tatu ni chungu chenyewe. Osha majani kabla ya kuyakata, si baadaye, maana vitamini C huyeyuka majini. Yatie katika maji machache yaliyokwisha chemka, funika, epua mapema, na mchuzi usiumwage. Magadi hulainisha mboga, lakini huharibu vitamini hiyo. Kisamvu nakitenga: hicho kina sumu, hivyo lazima kitwangwe na kupikwa sana. Mwisho, tia karanga au tui, kwani mwili huipokea vema vitamini A pamoja na mafuta.

Katika haya yote, hakuna kubwa la kununua. Kivuli hakiuzwi, wala kifuniko cha chungu si mali ya matajiri. Jioni ya leo, jua lichwapo, mtazame mwanao anavyotembea; kisha kesho uyatazame majani yako yameanikwa wapi.

Kwaherini.