Hotuba ya Mwenyekiti: Vyombo vya Mbege na Mkopo Wetu



Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Wenzetu waliotutoka, Mungu awalaze mahali pema.

Mimi niliishia darasa la saba, hotuba ndefu siziwezi. Nitasema juu ya vyombo vya kupikia mbege, kwa sababu hela nyingi tunayokopeshana inaingia humo. Na mkutano ujao tunapiga kura kama tumnunulie kila mpishi pipa kubwa la lita 200. Mimi naomba tusinunue kwanza. Sababu ninayo, tena inaniuma.

Mwaka wa pili wa kikundi nilichukua mkopo, nikashuka Moshi mjini, nikanunua pipa la chuma lililokwisha kutumika. Muuzaji aliniambia lilikuwa la mafuta tu. Sikuuliza mafuta gani. Nikalisugua kwa majivu na mchanga mara tatu, nikapika ndizi za watu, mbege ya kipaimara. Siku ya kuchanganya ulezi nikaonja: mafuta ya taa matupu! Nilimwaga yote shimoni, hata nguruwe sikumpa. Wageni wa jirani yangu wakanywa soda, na mimi nikabaki na deni.

Kwenye mkutano walikuwepo waliosema mbuzi wangu auzwe. Mama mmoja, yupo hapa leo na hataki nimtaje, akasimama akasema: "Tukimuuzia mbuzi atalipa mara moja. Tukimwazima sufuria atalipa na atabaki mwanachama." Aliniazima yake. Nililipa kwa miezi mitano.

Kwa hiyo, akina mama, kabla ya kununua chombo uliza kwanza kilibeba nini. Kama kilibeba dawa, rangi au mafuta ya mashine, kiache hata kama ni cha bure. Kuosha hakutoi sumu iliyokwisha kuingia.

Pili, uliza kimetengenezwa na nini. Mbege ina uchachu, na uchachu unakula bati. Ndoo ya bati lililopakwa zinki ni ya maji tu, ukilaza togwa humo watu wataumwa matumbo. Sufuria ya alumini chemshia ndizi, lakini usizilaze humo zichachuke. Za kulaza tafuta ndoo ya plastiki ya chakula. Iangalie chini, nyingi zina alama ya glasi na uma. Tena usimimine humo kitu cha moto, ngoja kipoe. Ifunike kwa kitambaa safi, usiikaze mfuniko, maana pombe ikichachuka inatoa hewa na chombo kilichobanwa kinaweza kupasuka.

Sasa nije kwenye mfuko. Sisi tumezoea mfuko wa jamii, leo nasema mfuko wa kuchujia. Mama zetu walichuja kwa vichujio vya kusuka, na kazi ilichukua kutwa. Siku hizi tunashona mfuko wa neti, na ni chombo cha bei ndogo chenye faida kubwa. Lakini jamani, chandarua cha mbu hapana! Kile kina dawa ya kuua wadudu. Gunia la mbolea nalo hapana, hata ulifue vipi. Nunua neti mpya ya nailoni, nyeupe, isiyo na dawa wala rangi inayochuja. Matundu yakiwa makubwa, makapi yanapita na mteja analalamika. Yakiwa madogo mno, mfuko unaziba na unakamua mpaka mikono inakufa ganzi. Ukiwa dukani mwaga maji kidogo juu ya neti. Yapite haraka, lakini chenga za ulezi zisipite.

Ushone mpana, mdomo wake upinduke juu ya ukingo wa ndoo, na mshono upigwe mara mbili. Usiujaze. Ndizi zilizolowa za ndoo moja ya lita 20 zina uzito wa kilo 20 na zaidi, na migongo yetu sio ya usichana tena. Jaza robo, ning'iniza kwenye mti imara, acha uchuruzike wenyewe, ndipo ukamue. Ukimaliza fua hapo hapo, geuza nje ndani, anika juani. Makapi yaliyolala kwenye mshono ndiyo yanayochachusha mbege ya wiki ijayo.

Haya, turudi kwenye kura. Mbege haikai. Isipouzwa leo na kesho, imekuwa siki. Mwenye pipa la lita 200 atajikuta anapika lita 200 hata wiki ambayo hakuna harusi wala matanga, na hasara hiyo inarudi kwenye sanduku letu. Ninachoomba ni hiki: kila mpishi apewe sufuria moja nzuri, ndoo mbili za chakula na mifuko miwili ya neti. Akiuza akarejesha, ndipo aongeze. Haba na haba hujaza kibaba. Hela inayobaki ikae sandukuni, maana ipo siku mwenzetu mwingine atamwaga pombe shimoni kama mimi, na atahitaji mtu wa kumwazima sufuria.

Nimemaliza. Mkinishinda kwa kura nitakubali, lakini mapipa hayo nitakwenda kuyanusa mwenyewe moja moja.

Kidumu kikundi chetu!