Maana ya Neno "Emulate"

Ninyi vijana mnaokalia sasa madawati yetu:

Wasemaji walionitangulia wamewahimizeni, kwa Kiingereza, m-"emulate" wanafunzi wa zamani. Neno hilo nalikuta pia katika barua za maombi ya kazi zinazopita mezani kwangu, na mara nyingi limewekwa mahali pa "imitate". Naomba nilisemee kidogo.

Kitenzi chetu "kuiga" hubeba mizigo mingi, Waingereza wameigawa. Kuiga tu, kuwe kuzuri au kubaya, ni "imitate". Kumwiga mtu ili watu wacheke ni "mimic". Kuiga bila akili ni "ape", neno ambalo pia ni jina la wanyama wa jamii ya sokwe; basi kijana asiandike kwamba alim-"ape" mwalimu wake, hata kama ndivyo alivyofanya. (Methali yetu ya kumwiga tembo siitaji mbele ya wageni, lakini mnaijua.)

"Emulate" limetoka katika Kilatini, "aemulari", yaani kushindana na mtu. Zamani lilinuka hata husuda: katika Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare ambao tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilitoka mwaka 1963, Artemidorus anatumia "emulation" kwa maana ya kijicho wanachoonewa watu wema. Kijicho kimekwisha kutoka, ushindani umebaki. Anayem-"emulate" mtu huutazama ubora wake, akajitahidi kumfikia, na akiweza ampite. Ndiyo maana neno hili halikai vizuri na uvivu wala ulevi. Hayo huigwa tu. Wala "kufuata nyayo" hakutoshi kulifasiri, maana mfuata nyayo hukaa nyuma siku zote.

Mkitu-"imitate", vijana, mtavaa tai, mtabeba mikoba, na mtaandika barua kama zetu pamoja na makosa yake. Nimepata kuona taarifa ya mwaka iliyonakiliwa kutoka ya mwaka uliotangulia, mpaka tarehe. Mwandishi wake hakuwa mvivu. Alidhani ndiyo heshima kwa mkubwa wake. Mkitu-"emulate", mtazitoa taarifa zetu kabatini, mtatafuta tulipokosea hesabu, na mtaandika bora kuliko sisi. Baadhi yetu tuliokaa mstari huu wa mbele hatutafurahi. Msitungoje.

La mwisho ni la sarufi: kitenzi hiki hufuatwa moja kwa moja na mtu au sifa yake. Hakihitaji "from".