Dini ya kabila, na mgeni akae wapi?

Maneno yaliyotolewa Nyangwe mbele ya familia zilizokimbia vita na viongozi wa wenyeji

 

Tuliombwa tujibu neno ambalo vijana wanalirudia katika vikao vyetu. Wanasema: Uislamu uliletwa na wafanyabiashara wa watumwa, Ukristo uliletwa na Wabelgiji, basi tuache vyote viwili, tuunde dini ya kabila letu. Hatuwacheki. Nyangwe si mahali pa kucheka neno hilo. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki katikati ya soko la Nyangwe, na wengi waliouawa walikuwa wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Livingstone alikuwapo. Aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa, kwa risasi na kwa maji ya Lualaba, kuwa kati ya 330 na 400. Kisha mwaka 1893 askari wa Mfalme Leopold wakaiteka Nyangwe, nao hawakuja na amani.

Kwa hiyo uchungu ni wa kweli. Lakini dini ikijengwa juu ya kabila, asiye wa kabila hilo anabaki na nini?

Nchi yetu imekwisha kuliona jambo hili. Huko Bas-Congo, ambayo leo ni Kongo Central, Ne Muanda Nsemi alianzisha Bundu dia Kongo mwaka 1969. Alifundisha kwamba Mkongo amwabudu Mungu kwa njia ya mababu wa Kikongo, si kwa dini ya wageni, na kwamba ufalme wa zamani wa Kongo usimame tena. Wengi walimpenda, kwa sababu aliwarudishia majina yao, lugha yao na heshima yao. Hilo si jambo dogo. Lakini baadaye wafuasi wake walianza kushika kazi ya serikali vijijini na kuhukumu watu. Serikali nayo ilijibu kwa risasi: mwanzoni mwa 2007 zaidi ya watu 100 waliuawa, na mwaka 2008 polisi waliua tena, wakachoma nyumba na mahali pa ibada. Hakuna sababu inayosafisha damu ile. Mwaka 2020, Ne Muanda Nsemi alipowachochea wafuasi dhidi ya wasio Wakongo, mauaji ya polisi yakarudi. Yeye alifariki mwaka 2023. Familia zilizozika watoto bado zipo.

Mfano wa pili unawahusu zaidi ninyi mliokimbia. Nchini Kenya, vita vya kikabila vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 viliwafukuza Wakikuyu wengi kutoka mashamba ya Bonde la Ufa. Kati ya vijana wao waliobaki bila ardhi wala kazi, kikundi cha Mungiki kilipata nguvu. Waliukataa Ukristo, wakasali wakiuelekea Mlima Kenya, wakasema turudi kwa Ngai wa mababu. Kijana aliyefukuzwa aliitwa ndugu. Nani asingefurahi? Baadaye kikundi kikatoza fedha kwa nguvu kwenye magari ya abiria, kikawalazimisha wanawake tohara. Machi 2002 watu zaidi ya 20 waliuawa Kariobangi, Nairobi, na serikali ikakipiga marufuku. Na sikieni hili: mwaka 2000 baadhi ya viongozi wake walisilimu, na mwaka 2009 kiongozi wao mkuu, Maina Njenga, akabatizwa Mkristo. Wakubwa walipata pa kwenda. Vijana waliozikwa, hapana.

Turudi hapa kwetu. Dini ya kabila, kabila lipi? Hapa kuna Wagenya wa mtoni, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, Wazula. Kuna pia watoto wa Waungwana, ambao mababu wao waliletwa na misafara, na wengine hawajui kijiji walikotoka. Hao waambiwe wamwabudu babu yupi? Kiswahili chenyewe tunachosemea leo kilikuja na misafara ile.

Tena, wazee mtatusahihisha, lakini tulivyosikia kwenu, mizimu ilikuwa ya mlima, ya mto, ya ukoo. Mgeni alifika kwa mwenye ardhi, akaonyeshwa pa kulima na miiko ya mahali, akakaa. Kumpima mtu kwa orodha ya makabila ni kazi ya afisa wa kikoloni na daftari lake. Anayedai anamfukuza mkoloni huku ameshika daftari hilo, tunamwona anadanganya vijana.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Baba Padri, Baba Shehe, Mchungaji: msiite kila jambo la mababu kuwa la shetani, maana dharau hiyo ndiyo inayowasukuma vijana. Wazee, wafundisheni majina ya koo na makaburi, na watoto wa waliokimbia wakae wasikilize pamoja na wenu. Wakuu wa kamati za ugawaji, mtu asiulizwe kabila wala dini kabla ya kupewa mbegu. Na yule kijana anayetaka dini mpya msimfukuze barazani. Muulizeni mbele ya wote: familia iliyolala katika nyumba ya baba yako tangu ilipokimbia, katika dini yako itaitwa nani?

Sasa sisi tunakaa, tunasikiliza. Mama pale nyuma aliomba neno tangu mwanzo, tuanze naye.